Alama Themanini na Nane za Mganga Mkuu

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wagonjwa, manesi, madereva, hata mlinzi wa getini, wote walimwita Vuta Pumzi, kwa kuwa hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyasema kutwa nzima kwa miaka ishirini na minne: "Vuta pumzi. Bana. Bana hapo hapo... haya, achia." Alikuwa mpiga picha za eksirei, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha isiyolingana na umbo lake. Inasemekana siku moja alisahau kufunga mlango, akasema "bana", na korido nzima ikabana, mpaka mzee mmoja aliyekuja kung'olewa jino akashikwa na kizunguzungu.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha. Kuzisoma ilikuwa kazi ya daktari mmoja aliyekuja kila Alhamisi kutoka hospitali kubwa, na asipokuja Alhamisi hii, basi Alhamisi nyingine. Lakini mtu hawezi kutazama vifua vya watu miaka yote hiyo asiambulie kitu. Vuta Pumzi akiona pafu lenye wingu asilolipenda, aliweka alama ndogo ya penseli kwenye kona ya bahasha. Daktari wa Alhamisi alianza na bahasha zenye penseli. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo hata mara moja, wala hapakuwa na haja.

Ndipo ikaja mashine.

Mganga Mkuu ndiye aliyeileta, na kabla haijafika aliitisha vikao vitatu kuhusu jina lake tu. Katika kikao cha kwanza karani wa masjala alisimama akasema amesikia redioni kwamba kitu hicho kinaitwa akili bandia. Mganga Mkuu alishtuka kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Bandia? Noti bandia, dawa bandia, halafu mimi nilete akili bandia hospitalini kwangu? Tutaitwa matapeli!" Akakohoa, akanywa maji, akaendelea. "Itaitwa akili mnemba."

"Mnemba maana yake nini, mkubwa?" aliuliza karani.

"Ndiyo uzuri wake," alisema Mganga Mkuu. "Hakuna anayejua."

Siku ilipofika, watu walijipanga kando ya geti kusubiri lori. Likaja gari dogo, akashuka fundi mmoja wa kampuni, ameshika chini ya kwapa kasha jeusi lisilozidi mkate wa kukata. Mganga Mkuu alichungulia nyuma ya fundi kuona kama kuna kingine kinashushwa. Hakikushushwa kitu. Kesho yake aliagiza karakana ya useremala itengeneze meza ya ngazi mbili, ikafunikwa kitambaa cha bluu chenye marinda na kuzungushiwa maua ya plastiki, na lile kasha likawekwa juu kabisa, kama keki ya harusi. Fundi alijaribu kueleza kwamba mashine haihitaji meza bali mtandao usiokatikakatika. Aliambiwa mtandao ungeshughulikiwa katika bajeti ijayo.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleweka. Vuta Pumzi alipiga picha ya kifua kama kawaida, picha ikaingia kwenye kasha, na kabla hujamaliza kusema "achia" kioo kikaonyesha namba kati ya sifuri na mia. Namba ndogo, kifua salama. Namba kubwa, mashine inahisi kifua kikuu, na pale inapohisi panapakwa rangi nyekundu. Mganga Mkuu aliandika waraka, ukawekewa fremu ya dhahabu na kutundikwa ukutani juu ya maua. Ulisema kwamba yeyote atakayezidi alama sitini apelekwe papo hapo wodi ya kutengwa mpaka majibu ya makohozi yatoke, na kwamba matokeo ya mashine "hayabishaniwi na mtumishi wa ngazi yoyote wala hayamwachi mtu wa ngazi yoyote." Maneno "ngazi yoyote" yalipigiwa mstari. Mganga Mkuu aliyapenda sana. Aliyasoma kwa sauti mara mbili siku ya kuyatundika.

Wiki ya kwanza alikuja mama mmoja muuza mitumba, amesukwa nywele ndefu nene zilizofika kiunoni. Vuta Pumzi alikuwa na desturi ya kuwafungia wanawake nywele juu ya kichwa kabla ya kupiga, lakini siku hiyo nesi alikuwa anaharakisha foleni, na mikia miwili ikateleza ikalala kifuani. Mashine ikatoa sabini na nne.

"Hizi ni nywele," alisema Vuta Pumzi. "Tazama, sista, zinaonekana kabisa zimejikunja. Ngoja nirudie."

"Waraka haujasema kurudia," alijibu nesi, akionyesha ukuta.

Mama wa mitumba alikaa wodi ya kutengwa siku mbili. Majibu yalipotoka safi, alipita mlangoni kwa Vuta Pumzi na vifurushi vyake. "Dada," alisema, "hiyo mashine yenu iambieni nywele zangu ni za dukani, hazina mapafu." Vuta Pumzi alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka.

Alimwuliza fundi ilikuwaje. Fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa mambo na watu wasiotaka majibu. Alieleza kwamba mashine ilifundishwa kwa kuonyeshwa mamia ya maelfu ya vifua. "Lakini vya nchi za mbali, mama. Sidhani kama iliwahi kuona nywele za namna hii. Ikiona kitu kisichoeleweka juu ya pafu, inaogopa."

"Mimi pia nikiona kisichoeleweka naogopa," alisema Vuta Pumzi. "Lakini mimi nitanyanyua nywele."

Hata hivyo, haikuwa haki kusema mashine ni ya hovyo, na yeye mwenyewe alilijua hilo kwa uchungu. Wiki ya tatu alikuja kijana mwashi, kifua kipana, anacheka na kila mtu. Vuta Pumzi aliitazama picha yake akaona ni safi; enzi za bahasha asingeweka penseli. Mashine ikatoa themanini na moja, ikapaka wekundu nyuma ya mfupa wa mtulinga. Alisogea karibu na kioo, akakaza macho, akauona: kiwingu kidogo kimejificha nyuma ya mfupa kama mtoto nyuma ya pazia. Makohozi yakathibitisha. Siku hiyo alirudi nyumbani bado anauwaza ule mfupa.

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa barazani anakata suruali. Mama mkwe alikuwa kitini pake karibu na redio.

"Leo imekushinda nini?" aliuliza mumewe bila kuinua mkasi.

"Kasha," alisema. "Kasha limeona nisichokiona."

"Basi si vizuri? Mgonjwa atapona."

"Vizuri. Sikusema si vizuri."

Mama mkwe alipunguza sauti ya redio. "Mwanangu, hiyo mashine, siwezi kuja ikanitazama goti?"

"Ni ya kifua tu, mama."

"Nitainama," alisema mama mkwe.

Uzinduzi ukapangwa mwezi wa pili tangu mashine ifike. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa kutoka wizarani, mtu mnene, mtaratibu, anayependa kuitwa Mheshimiwa hata na watu asiowaona. Viti vilipangwa mpaka ndani ya chumba cha eksirei, kioo kikubwa kikafungwa ukutani ili wote waone, na wapiga picha za habari wawili wakajibana kwenye kona. Ilipangwa dereva wa gari la wagonjwa ndiye apigwe picha ya mfano, kwa kuwa alikuwa na afya ya kuonekana kwa macho. Lakini Mganga Mkuu alipoziona kamera moyo wake ulibadilika.

"Mheshimiwa," alisema, "kiongozi huongoza kwa vitendo. Nitaanza mimi."

Akapanda pale mbele ya sahani ya picha na koti lake, tai yake, na beji ya shaba kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, aliyopewa kwenye semina ya uongozi bora.

Vuta Pumzi alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mkubwa, koti na shati vinatoka. Na hiyo beji hasa."

"Mbele ya kamera?" Mganga Mkuu alinong'ona akitabasamu kwa wageni. "Unataka kesho nitoke gazetini kifua wazi? Piga."

"Itasomeka vibaya."

"Piga, mama. Kazi yako ni kupiga."

Akapiga. "Vuta pumzi. Bana." Chumba kizima kikabana, pamoja na Mheshimiwa. "Achia."

Kwenye kioo kikubwa kikatokea kifua cha Mganga Mkuu, na katikati ya pafu la kushoto beji yake duara nyeupe, na juu yake wekundu umetapakaa. Pafu la kulia, juu kabisa, palikuwa na wekundu mwingine, mdogo. Chini yake namba, kubwa kama ya basi: themanini na nane.

Wanaojua maana yake chumbani mle walikuwa wachache: Vuta Pumzi, fundi, manesi wawili na mwenye kifua. Wote walinyamaza. Mshereheshaji, ambaye alikodiwa kwa ajili ya harusi na mahafali, hakunyamaza.

"Alama themanini na nane!" alipaza sauti kwenye kipaza sauti. "Makofi kwa Mganga Mkuu wetu!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walisimama. Mwanamke mmoja wa kamati ya maua alipiga vigelegele. Mheshimiwa aliinuka akamshika mkono Mganga Mkuu, akautikisa kwa muda mrefu. "Hongera sana. Wengine shuleni hatukuwahi kuziona alama hizo."

"Asante, Mheshimiwa," alisema Mganga Mkuu. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye ukosi wa shati.

Mambo yangeishia hapo, watu wakanywa soda wakaondoka, kama Mheshimiwa asingevua koti lake. Naye alitaka alama. Akavua na shati pia, maana yeye alimsikiliza Vuta Pumzi, akabaki na fulana, akavuta pumzi, akabana, akaachia. Kioo kikatoa nne.

Mshereheshaji alikitazama kipaza sauti kana kwamba ndicho kilichokosea. Hakuna aliyepiga makofi.

"Nne?" alisema Mheshimiwa. "Nne kati ya ngapi?"

"Kati ya mia," alisema fundi, kisha akatamani asingesema.

"Mimi? Nne kati ya mia?" Alimgeukia Mganga Mkuu. "Daktari, nina nini?"

Mganga Mkuu alifungua kinywa. Angeweza kusema ukweli kwa maneno mawili, ila maneno hayo mawili yangemrudia mwenyewe. "Mheshimiwa," alisema hatimaye, "mashine bado haijakuzoea."

"Basi inizoee! Irudie."

Wakarudia. Ikatoa tatu.

Mheshimiwa aliketi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayegawa mashamba yake akilini. Msaidizi wake alikuwa ameshatoa simu kutafuta hospitali ya nje ya nchi. Vuta Pumzi alimtazama Mganga Mkuu, na Mganga Mkuu akatazama maua ya plastiki, akaanza kukohoa, kikohozi kirefu kikavu ambacho kwa miezi mitatu alikuwa akikiita vumbi la mafaili. Hapo Vuta Pumzi akaona huyu mtu mnene hawezi kuachwa afe kwa hofu ya afya yake.

"Mheshimiwa, samahani," alisema. "Nne ni nzuri. Tatu ni nzuri zaidi. Hizi si alama za mtihani, ni alama za ugonjwa. Una kifua kama cha mtoto."

Mheshimiwa alivuta pumzi bila kuamrishwa. Rangi ikamrudia. Kisha, polepole, akageuka. "Kwa hiyo themanini na nane..."

Alitoa leso akaziba pua. Viti vya mstari wa mbele vikarudi nyuma vyenyewe, kwa mlio mmoja. Mwanamke wa vigelegele aliufuta mkono wake kwenye sketi, ingawa hakuwa amemgusa.

"Ni beji!" alisema Mganga Mkuu, akiishika kifuani. "Wote mnaiona! Mashine imeona beji ikaogopa! Mtu mwenye akili timamu angerudia picha!"

Vuta Pumzi alimkumbuka mama wa mitumba. Alitaka sana kusema kitu, akakimeza. Mheshimiwa hakumeza, alikuwa amesogea ukutani, leso usoni, anausoma waraka kwenye fremu ya dhahabu.

"'Wala hayamwachi mtu wa ngazi yoyote,'" alisoma. "Umeandika wewe?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Umeandika vizuri," alisema Mheshimiwa, akatoka kwenda kunywa soda yake nje, kwenye upepo.

Chumba kilipobaki kitupu, Vuta Pumzi alifunga mlango. Walibaki yeye, fundi na Mganga Mkuu.

"Vua, mkubwa. Nirudie."

"Waraka haujasema kurudia," alisema Mganga Mkuu kwa sauti ndogo.

"Najua. Vua."

Akavua koti, tai, shati, beji. Vuta Pumzi aliona kitu ambacho suti zilikuwa zikikificha: mbavu zinahesabika, na mkanda una matundu mawili mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Mganga Mkuu alikuwa akiwaambia watu kwamba amepunguza kula. Alimpiga picha kwa upole kuliko alivyowahi kumpiga mtu. Beji ilikuwa imetoka, wekundu wa kushoto umefutika. Wa kulia ulibaki pale pale. Sitini na saba.

"Futa," Mganga Mkuu alimwambia fundi.

"Haifutiki, mkubwa. Imeshakwenda kwenye kumbukumbu za kampuni."

"Basi andika jina la dereva."

Fundi aliisogeza kibodi mbali.

"Mkubwa," alisema Vuta Pumzi, "hata ikifutika, mimi nimeshaona. Tazama hapa juu. Hili si beji." Akaweka kidole kwenye kioo. "Enzi za bahasha ningeweka penseli."

"Penseli gani?"

"Basi tu. Unakohoa tangu lini?"

Mganga Mkuu aliokota shati lake.

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Mke wangu. Na mjukuu, wa miaka miwili." Alianza kuvaa shati, akakosea vifungo. "Ananing'ang'ania, hali mpaka nimlishe mimi, na kijiko changu." Akasimama na kifungo mkononi. Mganga Mkuu alikaa kwenye ngazi ya chini ya meza ya marinda, akajifunika uso na tai. "Watacheka," alisema.

"Watacheka wiki moja. Mtoto naye akapimwe leo, yeye na bibi yake."

Alikwenda wodi ya kutengwa kwa mlango wa nyuma, na barakoa, na kumbe wodi yenyewe alikuwa hajaingia tangu aanze kuisimamia. Kila robo mwaka alikuwa akiweka sahihi kwamba hali yake "inaridhisha". Sasa alikuta dirisha lililopigiwa misumari, ndoo isiyo na kifuniko, na kijana mwashi kitanda cha pili, anayesubiri kuruhusiwa, akamwambia kwa ukarimu, "Karibu, mzee. Godoro lalia upande huu, ule mwingine una waya." Mganga Mkuu alipiga simu saba asubuhi ya kwanza. Kufikia jioni dirisha lilikuwa linafunguka, kuna ndoo mpya tatu, na magodoro kumi yaliyokuwa stoo tangu mwaka juzi yakiwa bado kwenye nailoni yalikuwa vitandani. Mwashi alisema hajawahi kuona mgonjwa mwenye bahati namna ile.

Majibu ya makohozi yalitoka: anao. Mke alikuwa salama. Mtoto naye salama, akaanzishiwa dawa za kinga, akazitema zote siku ya kwanza. Mganga Mkuu akameza vidonge miezi sita, wiki chache za mwanzo nyumbani chumba cha peke yake, kisha ofisini. Alinenepa. Watu walicheka wiki tatu, si moja.

Waraka ulibadilishwa. Ule mpya ulisema nywele zifungwe, mapambo yavuliwe, picha yenye shaka irudiwe, na msomaji binadamu aitazame kabla mtu hajatengwa, mambo ambayo Vuta Pumzi alikuwa ameyaandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari na kumpelekea Mganga Mkuu wodini. Ulitoka na sahihi ya Mganga Mkuu, na uliongezewa kifungu kimoja ambacho hakikuwamo daftarini: kwamba watumishi wa ngazi ya juu matokeo yao yasionyeshwe kwenye kioo kikubwa. Mheshimiwa, kwa upande wake, alichukua nakala ya kifua chake, akaiwekea fremu, na inasemekana hadi leo wageni wa ofisi yake huonyeshwa ile tatu kabla ya kupewa kiti.

Mwisho wa mwaka ukafika uchaguzi wa mfanyakazi bora. Kamati ilikaa siku nzima, ikashindwa kuwapatanisha manesi na maabara, na ili pasiwe na kinyongo ikaichagua mashine. Zawadi ilikuwa cheti na feni ya kusimama. Kwa kuwa mshindi hakuweza kupanda jukwaani, Vuta Pumzi aliombwa ampokelee. Alipanda, akapeana mkono na Mganga Mkuu, aliyembana vidole kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika na kukwepa macho yake.

Cheti kilitundikwa juu ya kasha. Kuhusu feni, mhasibu alitaka iwe stoo, lakini fundi aliandika barua kwamba mashine hupata joto na inahitaji upepo mfululizo saa za kazi. Akaiweka mwenyewe, akaielekeza kidogo pembeni.

Vuta Pumzi aliburuta kiti chake mpaka pale upepo ulipopita, akakaa, akanyoosha miguu. Kisha akaita wa kwanza kwenye foleni.